Pono Kati ya Spiriti na Kioo

Mwaka 1866 kilichapishwa London kitabu kiitwacho The Fishes of Zanzibar. Waandishi wake walikuwa wawili. Robert Lambert Playfair alikuwa balozi mdogo wa Uingereza mjini Unguja, na aliwapata samaki wake wakiwa wabichi. Albert Günther alikuwa mtaalamu wa British Museum, na samaki walimfikia wakiwa ndani ya vyombo vya spiriti. Kwa samaki wengi tofauti hiyo haisumbui sana. Changu aliyehifadhiwa bado ni changu: hesabu miiba ya mgongo, pima kichwa, tazama meno, umeshamjua. Kwa pono, hapo ndipo palipo na tabu.

Pono wanaozungumziwa hapa ni wa familia ya Labridae, ambao wavuvi wengi wa pwani huwataja kwa jina moja na ndugu zao wenye mdomo wa kasuku. Spishi zao zinapita 500. Wapo wasiofikia urefu wa kidole cha mtu mzima, na yupo Cheilinus undulatus anayepita mita mbili. Wengi ni wembamba, huogelea kwa kupiga mapezi ya ubavuni huku mkia ukitulia, na wamevaa zambarau, kijani, chungwa na buluu kwa mpangilio ambao msanii asingethubutu kuubuni. Rangi hizo huanza kubadilika mara samaki anapotolewa majini. Akikaa katika spiriti, hubaki mwili wa rangi ya vumbi. Jenasi ya Cirrhilabrus, yenye pono wanaopendwa kuliko wote katika matangi ya nyumbani, ni mfano mzuri: karibu spishi zake zote zina miiba 11 mgongoni, ikifuatwa na vijiti laini 9. Kinachozitenganisha ni mstari, doa, urefu wa pezi na rangi, yaani yale ambayo aghalabu yalikuwa yameshatoweka kabla msomi hajafungua kifuniko cha chupa.

Mkanganyiko huo ni wa tangu mwanzo wa sayansi yenyewe. Carl Linnaeus wa Sweden, katika toleo la 1758 la Systema Naturae, alimwandika pono mmoja wa bahari za Ulaya kwa jina Labrus mixtus, na katika kitabu hichohicho akaandika Labrus bimaculatus. Leo majina yote mawili yanahesabiwa kuwa ya samaki mmoja. Si ajabu. Dume wake ana milia ya buluu kali juu ya chungwa. Jike ni wa waridi, na mgongoni ana madoa meusi. Yeyote aliyewaona kwenye meza, bila kuwahi kuwaona wakiwa pamoja majini, angewatenga.

Mambo yalizidi kuwa magumu katika bahari ya Hindi. Philibert Commerson, daktari na mtaalamu wa mimea aliyesafiri na msafara wa Bougainville, alibaki Mauritius akikusanya na kuandika mpaka alipofariki mwaka 1773. Karatasi na michoro yake ilifika Paris, na humo Lacepède akachota maelezo ya samaki ambao hakuwahi kuwaona. Katika juzuu ya mwaka 1801 alitaja Coris aygula na Coris angulata, majina mawili ambayo wataalamu waliomfuata waliyarudisha kwa samaki mmoja. Samaki huyo angali anawatesa wanunuzi mpaka leo. Akiwa mchanga ni mweupe, ana mabaka mawili ya chungwa mgongoni na vidoa vyeusi kichwani, urefu wa sentimita chache tu, mrembo wa kutosha kumfanya mtu atoe pesa papo hapo. Akikua hupoteza mabaka yale, hugeuka kijani kibichi chenye giza, huota nundu pajini na anaweza kufika zaidi ya mita moja, huku akipindua mawe na kuvunja kaa na konokono. Mwenye tangi la lita 300 aliyemchukua kwa ajili ya yale mabaka mawili amejichukulia mgeni ambaye nyumba haitamtosha.

Sababu ya sura hizi nyingi ilichelewa kueleweka. Pono wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadaye baadhi yao hugeuka kuwa madume. Mwaka 1972 D. R. Robertson alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wake kuhusu Labroides dimidiatus, yule pono mdogo mwenye mstari mweusi na buluu anayesafisha samaki wengine. Huyu huishi katika kundi la dume mmoja na majike kadhaa wenye vyeo vinavyofuatana. Dume akifa, jike mkuu huanza kujiendesha kidume katika muda wa saa chache, na baada ya takriban wiki mbili huweza kutoa mbegu za kiume. Kumbe swali la zamani, kama hawa ni spishi mbili au moja, lilikuwa limekosa kipengele cha tatu: huenda ni samaki yuleyule, aliyetazamwa mara mbili katika maisha yake.

Kabla ya jibu hilo walipita watu waliofanya kazi kubwa kwa macho na subira tu. Pieter Bleeker, daktari wa jeshi la Uholanzi, alifika Batavia, yaani Jakarta ya leo, mwaka 1842. Kwa miaka 18 alinunua samaki sokoni, akapokea wengine kutoka visiwani, na akaandika majina yanayokaribia 2,000 katika maisha yake. Soko lilikuwa na faida moja kubwa: samaki alikuwa wa usiku uliopita, na bado alikuwa na rangi. Alipoanza kuchapisha Atlas Ichthyologique mwaka 1862, juzuu ya kwanza aliwapa pono na ndugu zao wenye mdomo wa kasuku. Cirrhilabrus cyanopleura, Cirrhilabrus solorensis na Pseudocheilinus hexataenia, pono mwenye milia sita, ni majina yake, na wote watatu wanauzwa katika maduka ya samaki wa mapambo hadi leo.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, jina lisilokwepeka ni J. L. B. Smith wa Afrika Kusini, ambaye dunia inamkumbuka kwa kumtambulisha silakanti mwaka 1939. Yeye na mkewe Margaret walipita pwani kutoka Msumbiji hadi Kenya wakikusanya samaki. Alitumia hata baruti, njia ambayo pwani hii inaijua vizuri mno na imelipia gharama yake kwa miamba iliyobomoka. Umuhimu wa vitabu vyake hauiondolei ubaya. Mwaka 1957 alichapisha orodha ya pono wa magharibi mwa bahari ya Hindi, na ndani yake akatoa jina Cirrhilabrus exquisitus, samaki mwenye doa jeusi kwenye shina la mkia ambaye wapiga mbizi wa Zanzibar na Mafia huweza kumwona akicheza juu ya vifusi vya matumbawe. Smith alifariki mwaka 1968. Margaret, mchoraji aliyefanya rangi za samaki ziingie vitabuni kwa uaminifu, aliendelea na kazi, na mwaka 1982 yeye na John Randall walichapisha mapitio ya jenasi ya Halichoeres ya ukanda huu, yenye spishi sita mpya. Mmoja wao ni Halichoeres iridis: mwili wa zabibu iliyoiva, kichwa cha chungwa, hukaa penye mchanga na vifusi, mara nyingi chini ya mita 20. Wenye matangi wa Ulaya na Marekani wanamtafuta sana, na wengi wa wanaopatikana hutoka pwani hii.

John Randall, aliyefanya kazi kwa miongo mingi katika Bishop Museum huko Hawaii, ndiye aliyeziba pengo kati ya Playfair na Günther. Alipiga mbizi mwenyewe. Alimtoa samaki majini, akamtandaza mapezi kwa pini, akampiga picha ya rangi kabla uhai haujamwacha sana, na ndipo akamtia katika dawa. Kwa njia hiyo chupa na picha vilikwenda pamoja makumbusho. Alitoa majina kwa spishi zaidi ya 800 kabla ya kufariki mwaka 2020 akiwa na miaka 95, na sehemu kubwa ya pono wanaotambulika kwa jina leo wamepitia mikononi mwake: mapitio ya Labroides mwaka 1958, ya Macropharyngodon mwaka 1978, na mengine mengi.

Lakini picha ni ya dakika moja. Kumwona pono akila, akilala, akigombana na kugeuka jinsia kulihitaji kioo.

Jumba la kwanza la umma la samaki walio hai lilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London mwaka 1853, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu The Aquarium kilichowasha moto wa kufuga viumbe wa bahari majumbani Uingereza. Samaki wa matumbawe wa nchi za joto walisubiri zaidi ya karne. Walihitaji ndege za kuwasafirisha kwa saa badala ya wiki, chumvi ya kuchanganya na maji ya bomba kwa wale wanaoishi mbali na pwani, na zaidi ya yote, namna ya kuyaweka maji hai. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mfugaji wa Jakarta, alieleza katika jarida la Marekani jinsi alivyoweka mawe ya mwamba yenye viumbe hai, matumbawe na samaki pamoja, bila mtambo zaidi ya mapovu ya hewa. Bakteria waliomo ndani ya mawe walisafisha maji. Yaani katika mji uleule ambamo Bleeker alinunua pono waliokufa, karne moja baadaye mtu alionyesha jinsi ya kuwaweka hai. Wafugaji wa Berlin waliliendeleza wazo hilo kwa taa kali na mashine ya kutoa uchafu kwa povu, na kufikia miaka ya 1990 tangi la matumbawe lilikuwa limekuwa jambo la kawaida katika sebule za Ulaya na Marekani.

Pono waliingia humo kwa sifa mbili: rangi, na kwamba jamii za Cirrhilabrus na Paracheilinus, ambazo chakula chao ni vijidudu vinavyoelea, haziumi matumbawe. Na hapo ndipo wafugaji, watu wasio na vyeo wala maabara, walipoanza kujua mambo ambayo hayakuwa kwenye chupa yoyote.

La kwanza lilikuwa la uchungu. Pono huruka. Akishtuka, akifukuzwa, au taa ikizimwa ghafla, hupaa juu ya maji, na baharini hurudi majini. Sebuleni huanguka sakafuni. Samaki wengi wa thamani wamekufa hivyo, hata wavu mwembamba juu ya tangi ukawa sharti la kwanza la kufuga pono, kabla ya chakula na kabla ya taa.

La pili ni usingizi. Halichoeres, Coris, Anampses na Macropharyngodon hulala chini ya mchanga. Wanapofika kutoka safari ya mbali huendelea kufuata saa za bahari walikotoka, kwa hiyo hujizika mchana wa mwenyeji na kuamka usiku wake, na mfugaji asiyejua hudhani samaki amekufa, akachimbua tangi zima kumtafuta. Anahitaji mchanga laini wa kina cha sentimita tano au zaidi na kuachwa kwa siku kadhaa mpaka saa yake igeuke. Hata mfuko wa plastiki unaomsafirisha ni hatari kwake: akijaribu kujizika katika sakafu isiyo na mchanga huumiza mdomo, na pono mwenye mdomo uliovimba hali. Cirrhilabrus na ndugu zake wa karibu hawajiziki. Hujibana katika pango na kujizungushia utando wa ute, ambao asubuhi huonekana ukielea.

Macropharyngodon, wale wenye mapambo ya chui, ni mtihani wa pekee. Siku nzima wanadonoa vijidudu vidogo kwenye mawe na mchanga, wakiwemo foraminifera wenye maganda ya chokaa. Katika tangi jipya lililosafishwa sana hufa njaa wakiwa wamezungukwa na chakula cha kopo. Wafugaji wanaofanikiwa huwapa tangi lililokomaa kwa miezi mingi, lililojaa vijidudu vya baharini vinavyozaana vyenyewe, na chakula kidogo mara nyingi kwa siku. Kwa upande mwingine, Pseudocheilinus hexataenia wa Bleeker huishi kwa urahisi, husaidia kula minyoo bapa na vikonokono vinavyonyonya chaza, kisha akishazoea hugeuka jabari mdogo anayemzuia kila mgeni asile. Mwenye busara humtia wa mwisho.

Kuhusu jinsia, tangi limefundisha kile ambacho Robertson alikiona baharini, na zaidi. Majike wawili wa spishi moja wakiwekwa pamoja, mmoja huweza kugeuka dume. Dume akiwekwa peke yake kwa muda mrefu, bila jike wa kumwonyesha wala dume wa kushindana naye, rangi zake hufifia. Akiwekewa kioo kando ya tangi, au dume wa spishi jirani, mapezi husimama na rangi huwaka tena kwa sekunde chache. Hili lina uzito katika utambuzi, maana picha ya dume akiwa ametulia na picha yake akitamba zinaweza kuonekana za samaki wawili.

Macho haya ya wafugaji ndiyo yaliyochangia kufungua fundo la Cirrhilabrus rubriventralis. Springer na Randall walimpa jina mwaka 1974 kwa samaki wa bahari ya Shamu: dume mwekundu mwenye tumbo jeupe na pezi la mgongo lililochongoka mbele. Kwa miaka mingi kila samaki wa sura hiyo kutoka popote katika bahari ya Hindi aliuzwa kwa jina hilo. Wanunuzi makini waliona kwamba wa Sri Lanka hafanani sawasawa na wa Afrika, na wote wawili hawafanani na yule wa asili. Mwaka 2000 Gerald Allen alimtenga wa Sumatra, Cirrhilabrus joanallenae. Mwaka 2016 Benjamin Victor, akitumia vinasaba pamoja na rangi za samaki hai, alitoa wawili wengine: Cirrhilabrus rubeus wa Sri Lanka na Maldives, na Cirrhilabrus africanus wa Afrika Mashariki. Samaki aliyekuwa akisafirishwa kutoka pwani hii kwa jina la mwingine alipata lake.

Miaka mitatu baadaye likaja jambo kubwa zaidi kwa Zanzibar. Wapiga mbizi wa California Academy of Sciences, wakiongozwa na Luiz Rocha, walishuka hadi kati ya mita 50 na 80 wakitumia vifaa vinavyozungusha hewa upya, kwenye miamba ya giza ambako mzamiaji wa kawaida hafiki. Walirudi na Cirrhilabrus wa zambarau iliyokolea, na mwezi Julai 2019 Yi-Kai Tea na wenzake wakamtoa katika jarida la ZooKeys kwa jina Cirrhilabrus wakanda, kutoka nchi ya kubuni ya filamu ya Black Panther. Magamba yake yana zambarau kali kiasi kwamba haipotei hata samaki akihifadhiwa, jambo la nadra kabisa katika jenasi hii. Kama Playfair angempata, Günther angeiona rangi yake London. Hakumpata kwa sababu hakuna mshipi wala dema lililofika kwenye makazi yake.

Ndugu yake wa karibu anasimulia hadithi ileile kwa njia nyingine. Mwaka 1983 Randall na Emery walitoa Cirrhilabrus rubrisquamis kwa kutumia samaki mchanga mmoja tu wa visiwa vya Chagos. Pono wakubwa wenye rangi za kuvutia walipopatikana Maldives, takriban kilomita 1,000 kaskazini, kila mtu alidhani ndio yule mchanga aliyekua, na kwa miaka mingi wakauzwa hivyo. Mwaka 2022 Tea, Ahmed Najeeb, Joseph Rowlett na Rocha walionyesha kwamba wa Maldives ni spishi yake, Cirrhilabrus finifenmaa, jina lililotolewa kwa waridi, ua la taifa la Maldives. Samaki huyo alikuwa tayari akivuliwa kwa ajili ya matangi kabla sayansi haijajua kwamba yupo.

Biashara hiyo si ndogo. Ripoti ya UNEP-WCMC ya mwaka 2003 ilikadiria samaki wa baharini milioni 20 hadi 24 kwa mwaka, wa spishi 1,471. Labroides dimidiatus alikuwa miongoni mwa waliouzwa sana, nayo ripoti ikaeleza kwamba hafai tangini. Sababu inafahamika. Alexandra Grutter alifanya vipimo huko Australia na kupata kwamba msafishaji mmoja hula vimelea wapatao 1,200 kwa siku kutoka kwa samaki wanaokuja kwenye kituo chake. Tangi lenye samaki kumi wasio na vimelea ni jangwa kwake. Akiondolewa mwambani, wateja wake hubaki na vimelea. Akifika dukani, wengi hufa njaa. Ni vigumu kuona kwa nini aendelee kuvuliwa. Na anayemnunua huenda hata asimpate: Aspidontus taeniatus, asiye pono kabisa, amevaa mstari uleule na huogelea kwa mchezo uleule, kisha hung'ata mapezi ya waliosimama kusafishwa. Mdomo ndio humfichua, kwa kuwa wa msafishaji uko mbele ya uso na wa mwigaji uko chini.

Kuzalisha pono tangini kungepunguza mzigo huo, nako ni kugumu. Hutaga mayai yanayoelea, na vifaranga wanaotoka ni wadogo mno hivi kwamba chakula cha kwanza chenyewe ni tatizo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida wamefanikiwa kukuza Halichoeres melanurus kutoka yai, lakini karibu pono wote walioko katika matangi duniani bado wametoka mwambani, mikononi mwa mzamiaji mwenye wavu.

Pwani ya Kenya ina wazamiaji wa aina hiyo, wavuvi wa samaki wa mapambo ambao humwona Cirrhilabrus africanus akiwa hai, dume na majike wake, mwamba kwa mwamba na msimu kwa msimu. Kati ya waandishi wanne wa makala ya Cirrhilabrus finifenmaa, Najeeb ni mtafiti wa Maldives, na huyo ndiye samaki wa kwanza kupewa jina la kisayansi na Mmaldives. Makala ya Cirrhilabrus wakanda, samaki wa Zanzibar, haina mwandishi Mtanzania. Miamba ya kina kile inaendelea Pemba, Mafia na kusini hadi Msumbiji, na sehemu kubwa yake bado haijafikiwa na mzamiaji yeyote.